Picha Zangu Tano Bora, na Kwa Nini Simba wa Tsavo Hawakushika Nambari Moja

Katika shule yetu kuna ubishi mmoja usioisha wakati wa mapumziko: picha gani ndiyo kali kuliko zote? Mmoja atakwambia ni ya mateke ya Wachina. Mwingine atataja ile ya magari yanayoruka kutoka gorofa moja hadi jingine. Wa tatu ataapa kwamba kama DJ Afro hakuisimulia kwa Kiswahili na Sheng, basi hiyo si picha. Wote nawasikia. Lakini ukiwauliza sababu, jibu ni lile lile: "Ina ekshoni bana!" Ati hicho ndicho kipimo.

Mimi nina kipimo changu. Nikitazama picha nauliza: mtu wa kwetu amepewa mdomo? Yaani, ana jina? Ana mama? Ana shida yake mwenyewe na neno lake mwenyewe? Ama amewekwa pale kubeba mizigo na kukimbia tu? Kwa kipimo hicho nimepanga picha tano ambazo nazipenda kushinda zote. Nitaanza na ya tano nikipanda juu.

Ya tano ni Out of Africa, ya mwaka 1985. Ilipigwa hapa Kenya na ikashinda tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya picha bora. Mandhari yake ni ya kupendeza mno, hasa ndege inapopita juu ya wanyama. Lakini wangapi kati yenu mnajua kwamba yule Denys Finch Hatton, mpenzi wa Karen Blixen, alifia hapa hapa Voi? Ndege yake ndogo iliruka kutoka uwanja wa Voi tarehe 14 Mei 1931, ikaanguka na kushika moto. Pamoja naye alikufa mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Katika picha anayeliliwa ni Denys. Kamau naye alikuwa na watu wake, lakini machozi yao hatuyaoni. Ndiyo maana nimeiweka mkiani.

Ya nne ni The Ghost and the Darkness, ya mwaka 1996. Hapa najua nitarushiwa mawe, kwa sababu hii ndiyo picha ya nyumbani. Inahusu simba wawili waliowala wajenzi wa reli kwenye daraja la Tsavo mwaka 1898, mahali ambapo si mbali na sisi ukielekea Mtito Andei. Inatisha kweli kweli! Lakini tusidanganyane. Ilipigwa Afrika Kusini, si Tsavo. Simba wake wana manyoya marefu shingoni, hali simba wenyewe wa Tsavo, ambao leo wamehifadhiwa katika makumbusho ya Field mjini Chicago, walikuwa dume wasio na manyoya hayo. Yule mwindaji Mmarekani anayeigizwa na Michael Douglas hakuwahi kuwako. Patterson aliwaua simba wote wawili yeye mwenyewe mwezi wa Desemba mwaka huo. Hata idadi ya waliokufa ina maneno. Patterson alikuja kudai ni 135, lakini watafiti waliopima manyoya na mifupa ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kwamba ni kama 35.

Mtaniuliza, na yule Samuel je? Si ni Mwafrika na ndiye msimulizi? Ni kweli, na John Kani ameigiza vizuri sana. Lakini Samuel amepewa mdomo ili atusimulie habari za mtu mwingine. Zake hatuzijui. Na wale vibarua, Wahindi na Waafrika, wanakufa mmoja baada ya mwingine bila hata kuwajua. Sisi tunaokuja shule kwa miguu alfajiri tunaelewa jambo hili kuliko mtu wa Hollywood. Zaidi ya nusu ya kaunti yetu ni mbuga ya Tsavo. Ndovu akishuka shambani usiku, habari kubwa huwa ni ndovu. Mama aliyepoteza mahindi ya msimu mzima, nani anamuuliza jina?

Ya tatu ni The First Grader, ya mwaka 2010. Hii ni hadithi ya mzee Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003. Mzee Oliver Litondo ameigiza mpaka unasahau kwamba ni maigizo. Maruge alifariki mwaka 2009, hakuiona picha yake. Kama uko hapa shuleni na unalala darasani, nenda ukaitazame halafu urudi tuongee. Kasoro yake moja kwangu ni kwamba Kiingereza kimejaa hata pale ambapo mzee kama yule angesema lugha yake.

Ya pili ni Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga, anayejulikana kama Tosh. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza filamu huku akiwaigizia wateja vituko vya mashujaa wa Marekani. Anataka kuwa mwigizaji, anaenda Nairobi, na Nairobi inamwonyesha cha mtema kuni. Hapa sasa watu wanaongea kama watu! Kiswahili, Sheng, Kikuyu, vyote vinatembea pamoja kama vile kwenye matatu. Ndiyo picha ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania Oscar. Walimu wangu msikasirike: niliitazama na kaka yangu mkubwa, na zile sehemu za watu wazima aliziruka yeye mwenyewe bila kuniuliza.

Na ya kwanza, pigeni makofi, ni Supa Modo, ya mwaka 2018, kazi ya Likarion Wainaina. Jo ni msichana mdogo mgonjwa sana anayependa picha za mashujaa. Dawa zimeshindwa, mamake anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini. Dadake Mwix anawashawishi wanakijiji wote wamfanye Jo aamini kwamba ana nguvu za ajabu, kisha kijiji kizima kinaamua kutengeneza filamu, na Jo ndiye steringi. Mwisho wake sitawaambia. Rafiki zangu wanasema picha hii ni ya kuliza watu bure, na kwamba steringi hafai kuugua. Nawajibu hivi: katika picha zenu steringi anaokoa dunia, lakini jirani yake hata hatumwoni. Katika Supa Modo kila mtu ana mdomo, kuanzia mama hadi watoto wadogo, na kila mmoja anafanya lake kwa ajili ya mtoto mmoja. Huo ndio ushujaa ninaouelewa.

Sasa mbona nasema haya yote katika jarida la Chama cha Kiswahili? Kwa sababu Taita Taveta ina hadithi ambazo bado zinangoja. Chukua moja tu. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, na wengi walifia huko. Watu wa mlimani wakatupwa pwani! Hiyo si picha? Ina vita, ina safari, ina kilio, na haihitaji simba wa kukodi.

Mtasema filamu ni pesa. Lakini hadithi kwanza huandikwa, na kalamu haina bei kubwa. Watanzania walichukua riwaya ya Kiswahili ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, wakaifanya filamu mwaka 2021. Sisi tuna tamasha za drama na filamu za shule kila mwaka, na tuna wazee huko Kasigau ambao walisimuliwa na wazazi wao. Pendekezo langu kwa chama ni hili: muhula ujao twende tukawasikilize, tuandike mchezo kwa Kiswahili, tuupeleke tamashani. Tusipojisimulia, watakuja wengine kutusimulia, na watatuwekea simba wenye manyoya.

Anayetaka kubishana nami nitakuwa chini ya mti wetu wakati wa mapumziko.