Karata Hii ni ya Nani?

Wako wanaodhani kwamba karata ni upuuzi usiostahili kuzungumzwa katika safu hii. Sisi hatukubaliani nao. Maneno kopa, uru, shupaza na turufu yametokana na Kireno. Mchezo ulitoka kwa wageni, lakini baraza ni letu. Hapo ndipo mzee na kijana hukaa pamoja, wakajuliana hali na kusuluhishwa wanapohitilafiana.

Sasa mchezo unahama barazani na kuingia katika simu. Hatuna budi kujiuliza: ni kipi kinachopotea njiani?

Tutazame karata za Pokémon, zilizoanza Japani mwaka 1996. Karata hizo si za kuchezwa tu, bali pia ni za kukusanywa na kubadilishana. Mtoto mwenye mbili za namna moja humpa mwenziwe moja, naye akapokea ile aliyoikosa. Kwa njia hiyo hujifunza kupima thamani, kutimiza ahadi na kuheshimu haki ya mwingine. Karata iliyochapwa mwaka ule, ikiwa imetunzwa, ingali mali ya mwenyewe hadi leo. Aweza kuiuza, kuitoa zawadi au kumrithisha mwanawe bila ya ruhusa ya mtu.

Mwaka 2011 mchezo huo ulitiwa katika intaneti, na wachezaji wakaruhusiwa kubadilishana. Mwaka 2023 ukafungwa. Wachezaji walihamia katika mchezo mpya pamoja na karata zao nyingi, lakini humo mlango wa kubadilishana haukufunguliwa. Mchezo mwingine uliotolewa mwaka 2024 uliruhusu jambo hilo mwaka 2025, tena kwa masharti ya kampuni. Kiini cha mambo ni hiki: karata ya mkononi ni milki, ya mtandaoni ni azima. Na nguo ya kuazima haisitiri.

Hatusemi kwamba mtandao hauna faida. Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipofunga kumbi za mashindano, mtandao ndio uliowakutanisha wachezaji. Lakini dawa ya dharura haiwi chakula cha kila siku.

Kwa hiyo, vijana wetu, kabla ya kulipa fedha ulizeni kwanza: nikishanunua, kitu hiki kitakuwa changu? Nanyi wakuu wa Serikali, viwanja vya nyumba mpya vinapopimwa, baraza lisisahauliwe. Masheha nao wahimize vituo vya vijana viwe na meza ya karata na ubao wa bao, jioni milango iwe wazi. Wauzaji wa michezo ya simu watakiwe kueleza, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kama wanauza au wanaazimisha.

Kijana tusiyempa pa kukaa na wenziwe, hatuna haki ya kumlaumu akishinda ameinamia simu.