Printa na Haki ya Kujua

Mapambano ya programu huria yana asili yake katika printa. Yapata mwaka 1980, Richard Stallman wa MIT, Marekani, alinyimwa maandishi ya asili ya programu iliyoendesha printa ya Xerox, asiweze kuirekebisha. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU.

Kisa hicho chaihusu Ifakara pia. Katika Linux, programu iitwayo CUPS hupokea waraka, huupanga foleni, kisha huutafsiri kwa lugha ya printa. Hitilafu ikitokea, kumbukumbu yake husomeka. Yafaa wanafunzi wafundishwe kuisoma. Kumwita fundi kutoka Morogoro kila printa inapogoma ni kukodi ujuzi ambao ungekaa shuleni. Nazo shule zichunguze kabla ya kununua: printa rahisi isiyokubaliana na mfumo huo huwa ghali siku ya mtihani.