Utalii wa Ndani Gani Huu, Mwenyeji Akiambiwa Atoke Nje?

Makamanda, kila sikukuu ikikaribia tunaimbiwa wimbo uleule: vijana wapende utalii wa ndani. Eti hatuijui nchi yetu, eti hela zote zinaishia kwenye bando. Sawa. Tuchukue safari moja tu ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, halafu tuone nani haijui nchi.

Ukitoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kilomita kama 15 tu unakutana na Kalenga, ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Agosti 17, 1891 Wahehe waliwachakaza Wajerumani pale Lugalo, kamanda wao Zelewski akafia hapohapo. Wakarudi na mizinga, Oktoba 1894 wakaivunja Kalenga. Mkwawa hakusalimu amri. Aliwasumbua porini mpaka Julai 1898, akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likatajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa 1954. Lipo palepale Kalenga, kwenye makumbusho. Ngome yenyewe imebaki vipande vya ukuta, na magari ya watalii yanapita na vumbi lake, yanawahi simba.

Huko kwa simba ni zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Kiingilio cha Mtanzania sicho kinachotushinda, ni gari. Hifadhini huzunguki na bodaboda, na kukodi gari la siku moja ni hela ambayo kijana wa stendi anaihesabu kwa wiki kadhaa. Kwa watoto wa Iringa na Mbeya, Ruaha ni kisiwa. Wanakiona kwenye kalenda.

Lakini hilo dogo. Kubwa liko upande wa pili wa hifadhi, Mbarali, mkoani Mbeya.

Mwaka 2008 serikali ilitoa Tangazo namba 28 na kuliingiza bonde la Usangu ndani ya hifadhi. Ruaha ikavuka kilomita za mraba 20,000. Wafugaji walishaanza kuswagwa na ng'ombe wao tangu 2006. Kisha ikaja 2022. Aprili tunazinduliwa filamu ya Royal Tour, dunia nzima ije. Oktoba ya mwaka huohuo, waziri wa ardhi anawaambia watu wa Luhanga, Madundasi, Msanga, Iyala na Kalambo, pamoja na vitongoji 47, kwamba wamo ndani ya hifadhi, waondoke. Mgeni anaambiwa karibu, mwenyeji anaambiwa toka! Mjerumani alikuja Kalenga na mizinga. Hawa wamekuja Mbarali na karatasi yenye namba.

Najua chawa watasema nini: mto unakauka. Ni kweli, Ruaha Mkuu unakauka kila kiangazi tangu miaka ya 1990, na viboko wanateseka. Hakuna kamanda anayelipinga hilo. Ila tuulizane, kilimo kikubwa cha mpunga wa mifereji Usangu kilianzishwa na nani? Mashamba ya Mbarali na Kapunga yalikuwa ya NAFCO, yaani ya serikali yenyewe, kabla ya kuuziwa wawekezaji. Leo lawama yote anabebeshwa mama mwenye ekari mbili. Jamani!

Na msituambie ni maneno ya wapinzani. Benki ya Dunia ilikuwa imetenga mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, wa kukuza utalii wa kusini. Wanavijiji wakapeleka malalamiko yao mpaka kwenye jopo la ukaguzi la benki hiyo. Aprili 2024 benki ikasimamisha fedha, Novemba mradi ukafutwa. Wakulima wa Mbarali walisikilizwa Washington kabla ya Dodoma.

Kwa hiyo makamanda wa Iringa, likizo hii twendeni Kalenga. Daladala inafika, hakuna haja ya gari la kukodi, na mkaone wenyewe ukuta ulivyoachwa. Wa Mbeya, nendeni Rujewa, mkae na wazee wa Mbarali muwasikilize, mrekodi kwa simu, mtume. Na mheshimiwa yeyote atakayepanda jukwaani huku kutuhubiria utalii wa ndani, swali la kwanza liwe hili: mpaka wa Ruaha umechorwa wapi, na nani wa Luhanga alikuwepo ukichorwa?