Barafu si Mchezo Tu

Tulipoona picha ya njia ya barafu ya Königssee, Ujerumani, wenzangu walicheka: "Watu wazima kuteleza mlimani kwa vigari visivyo na magurudumu! Mambo hayo yatatufaa nini sisi wa Rohero?"

Mimi sikubaliani nao. Njia ile ilijengwa miaka ya 1968 na 1969, ikawa ya kwanza duniani kugandishwa kwa mitambo. Ndani ya zege mlipitishwa mabomba ya amonia. Amonia huchemka hata penye baridi kali. Ikichemka huvuta joto la zege, na maji yanayonyunyizwa juu yake hugeuka barafu. Kisha mtambo huikandamiza, joto hutupwa nje, nayo hurudi kazini.

Basi, kwa ufundi uo huo hutengenezwa barafu ya kuhifadhia samaki. Nasi wa kando ya Tanganyika twajua jinsi mukeke anavyoharibika upesi kwa joto. Ndagala nao huanikwa juani. Mvua ikinyesha, ni hasara kwa mama zetu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusicheke. Mbio tuwaachie wenye theluji, lakini somo la fizikia tulishike. Nanyi kaka zetu mliotutangulia, mlio na kazi na mshahara, anzisheni shirika la kutengeneza barafu pale ufukoni. Sisi tutawafuata na maarifa.