Gari la Idd si Gunia la Mihogo



Kila Idd ikikaribia, familia za Nyakiyumbu na Bwera huchangishana kukodi gari kwenda kutembea Kasese na Hifadhi ya Queen Elizabeth. Jambo zuri. Lakini inasikitisha kuona gari la abiria 14 likipakiwa zaidi ya 20, watoto wamepakatwa, eti kila mtu alipe kidogo!

Saa nzima twabishana na dereva juu ya bei. Nani anamuuliza breki, matairi, bima au leseni? Qur'ani (2:282) imetuamuru kuandika deni. Sisi twalipa nusu, nusu yabaki deni la mdomo, jioni twagombana.

Kisha twamhimiza akimbize gari usiku. Barabara ya Kikorongo inapita hifadhini, na tembo havuki kwa kupiga honi! Likitokea la kutokea, twasema ni qadari. Kweli, lakini Mtume (s.a.w.) alifunza kumfunga ngamia kwanza, ndipo kutawakali.

Wazazi, punguzeni pilau mkodi gari la pili. Asiyepata kiti abaki, ataenda Idd ijayo akiwa mzima, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.