Ulinzi wa Pwani Uanzie Milimani Kalama

Mvua kubwa zikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia. Udongo ule huletwa na Mto Athi, ambao huko chini huitwa Galana na mwishowe Sabaki, na sehemu yake huanza safari katika miteremko ya Kalama, Machakos, na vilima vingine vya Ukambani. Wanasayansi waliochunguza matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, walikuta ndani yake alama za udongo wa mto zikiongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Matumbawe ndiyo huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufuoni. Yakifunikwa na tope hudhoofika, na ufuo hukosa kinga. Hata hivyo, tukitaja mmomonyoko wa pwani, fikra zetu hukimbilia ukuta wa zege. Ukuta una nafasi yake, kama pale Fort Jesus penye urithi usiohamishika, lakini mara nyingi huyaelekeza mawimbi kwa jirani na hauzuii hata kilo moja ya tope la mtoni.

Dawa ya tope iko juu, na Kalama wanaijua. Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliieleza Machakos kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilipopunguza mifugo kwa nguvu, Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu waliandamana hadi Nairobi kupinga. Amri haikuponya ardhi. Kilichosaidia ni matuta ya fanya juu, ambayo udongo wake hurushwa upande wa juu wa mtaro, yaliyochimbwa kwa hiari na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, hata watafiti wakaandika mwaka 1994 kwamba watu wameongezeka na mmomonyoko umepungua. Huko Kola, kikundi cha Utooni kilichoanzishwa na Joshua Mukusya mwaka 1978 kilieneza mabwawa ya mchanga: ukuta hukingama mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake na kuhifadhi maji yasikaushwe na jua.

Wapo watakaosema kwamba tukizuia mchanga huku, fuo za pwani zitaukosa. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa fuo hulishwa na mito. Lakini bwawa la mchanga likishajaa, mchanga unaofuata hupita juu yake, na matuta hushika hasa udongo wa shambani, ambao ndio tope la baharini. Mchanga unaopotea kabisa ni ule unaopakiwa kwenye malori kwenda kujenga miji. Vijana wanaoupakia wanatafuta riziki, na kuwafukuza bila kuwapa kazi nyingine ni dhuluma. Kaunti jirani ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Uvunaji ukipangwa, kijana hupata malipo na mto hubaki na kingo zake. Nami naona kuchimba matuta kunastahili ujira wa fedha za umma, maana mkulima wa Kalama anamlinda mvuvi wa Malindi ambaye hatamwona kamwe.

Kaunti za Machakos, Makueni na Kilifi zikae meza moja kabla ya mvua za Novemba, na bajeti ya kulinda pwani iwe na fungu la matuta ya Kalama.