Dhoruba ya Matangazo Ziwani

Mvuvi wa Sindo aingiapo mbali ziwani, mawimbi ya minara humfifilia, na onyo la tufani laweza kuishia ufuoni. Simu zaweza kupashana habari mashua kwa mashua, bila mnara. Lakini zote zikirudia ujumbe kwa pamoja, mawimbi hugongana na onyo likapotea. Mwaka 1999 watafiti wa Taiwan waliita hali hiyo dhoruba ya matangazo. Dawa mojawapo waliyopendekeza ni kwamba simu iliyokwisha kuusikia ujumbe mara kadhaa kwa majirani inyamaze. Kisha apokeaye aitike. Hodi isiyoitikiwa hurudiwa. Nasi wanaisimu tunangoja nini? Napendekeza istilahi "mtandao wa kupokezana". Mwenye bora zaidi ailete, mradi mvuvi aielewe.